HASARA YA DARASANI NI KINGA YA SOKONI

Mtu akipita jioni katika uchochoro wowote wa Ngamiani, au katika uwanja wa nyumba yoyote huko Pangani na Mkinga, hatakosa kuwakuta watoto wakicheza duka. Mchanga ndio sukari, majani ya mwembe ndiyo noti, vifuu vya nazi ndivyo vipimo, na aliye mkubwa wao ndiye mwenye duka. Yuko anayenunua, yuko anayekopa, na yuko anayefukuzwa kwa sababu deni lake la jana hajalilipa. Mchezo huo haukufundishwa na mwalimu. Watoto wameyaona mambo hayo kwa wazazi wao na majirani zao, nao wakayaiga.

La kusikitisha ni kwamba mtoto huyo huyo anapofika sekondari, akaketi mbele ya mwalimu wa somo la biashara, mchezo hunyamazishwa. Hupewa kalamu, akaamriwa anakili maana ya mtaji, maana ya faida na maana ya soko, kisha azihifadhi mpaka siku ya mtihani. Alipokuwa na miaka saba alikuwa akifanya biashara ya mchanga. Alipofika miaka kumi na mitano anafanya biashara ya maneno. Hapo ndipo inapotupasa kujiuliza kama tumempeleka mbele au tumemrudisha nyuma.

Tunaliandika jambo hili leo kwa sababu wakati wake umewadia. Mitaala mipya iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imelipa somo la Elimu ya Biashara nafasi kubwa katika shule za sekondari. Hatua hiyo ni njema na inastahili kuungwa mkono na kila mwananchi anayewatakia heri vijana wetu. Lakini somo jipya likifundishwa kwa njia ya zamani huzaa matunda ya zamani. Kijana atatoka shuleni akiwa na cheti kinachosema anaijua biashara, hali hajapata hata siku moja kuamua anunue nini, kwa bei gani, auze wapi, na afanye nini mzigo ukimwozea mikononi.

Yafaa ieleweke kwamba hasara ya ujinga huo haimwangukii kijana peke yake. Sheria inazitaka halmashauri zetu kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali ililazimika kuisimamisha mikopo hiyo baada ya kudhihirika kwamba fedha nyingi zilikuwa hazirejeshwi, na kwamba baadhi ya vikundi vilikuwa vikundi vya jina tu. Ilirejeshwa mwaka 2024 chini ya utaratibu mpya. Fedha hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Ni ushuru wa mama muuza mchicha, wa mvuvi anayeshusha dagaa alfajiri, na wa mkulima anayelipia kila gunia linalovuka kizuizi. Waliozila kwa makusudi, sheria ipo na iwashughulikie. Lakini hapana shaka wako pia waliozipoteza bila nia mbaya, kwa kuwa siku waliyokabidhiwa mkopo ndiyo ilikuwa siku yao ya kwanza kuushika mtaji na kutakiwa kuufanyia hesabu.

Msimamo wa gazeti hili ni huu: kijana afilisike kwanza darasani. Afilisike kwa noti za karatasi, mbele ya mwalimu wake na wenzake, aulizwe ni wapi alipokosea, kisha aanze tena. Akifilisika hivyo mara mbili au tatu kabla ya kumaliza shule, atakuwa amejifunza kwa gharama ya karatasi na chaki jambo ambalo wengine hujifunza kwa gharama ya shamba la baba, dhahabu za mama, au fedha ya umma.

Tunajua kwamba wako wazazi watakaoguna. Watasema mtoto hapelekwi shule kucheza. Kucheza anacheza nyumbani. Wazazi hao tunawaheshimu, lakini tunawaomba wakumbuke jinsi wao wenyewe walivyofunzwa mambo mazito ya maisha. Mgambo hufunzwa kwa bunduki ya mti kabla ya kukabidhiwa bunduki ya risasi, wala hakuna anayemcheka. Mtoto wa mvuvi huchonga kingalawa kidogo, akakitweka tanga la kitambaa na kukiachia ufukweni, na kwa njia hiyo akaujua upepo kabla hajafikisha umri wa kwenda mkondoni na baba yake. Mambo ya jandoni na unyagoni hayakufundishwa kwa maelezo matupu. Yaliigizwa ili yakae moyoni. Hata mzee anayeinamia bao kibarazani, mwenye kuhesabu kete za mwenzake mpaka mzunguko wa tatu kabla hajautia mkono wake, anafanya kazi ile ile ya mfanyabiashara ya kuutazama mwisho wa jambo kabla ya kulianza. Wahenga wetu hawakuwa wapumbavu. Walijua kwamba kuna makosa ambayo ni heri yafanyike mahali pasipoumiza mtu.

Wako pia watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na makampuni makubwa ya mabepari. Historia haisemi hivyo. Jeshi la Prussia lilianza mwaka 1824 kuwafunza maofisa wake kwa mchezo wa ramani na vipande vidogo vilivyowakilisha vikosi, uliotayarishwa na ofisa kijana aliyeitwa Reisswitz. Kwa upande wa uzalishaji mali, mchezo unaotajwa kuwa wa kwanza ulifanyika Leningrad mwaka 1932, katika iliyokuwa Urusi ya Kisovieti, chini ya mama mmoja mtaalamu, Maria Birshtein. Wasimamizi waliketishwa mezani wakaigiza kazi za kiwanda cha mashine za kupigia chapa cha Ligovo, ili wayazoee matatizo ya kiwanda kabla hayajawafika. Ilipita miaka 25 ndipo shirika la American Management Association, huko Marekani, lilipoanza mwaka 1957 kuwafunza wakuu wa makampuni kwa mchezo uliotumia kompyuta. Basi Wakomunisti na mabepari, waliogombana kwa miaka mingi juu ya nani awe mwenye kiwanda, walikubaliana katika jambo hili moja, kwamba atakayekiendesha apewe kwanza mahali pa kukosea.

Sasa tueleze jinsi jambo lenyewe linavyoweza kufanyika katika shule ya kawaida ya mkoa wetu, isiyo na kompyuta na pengine isiyo na umeme. Tuchukue biashara ambayo kila mtoto wa huku anaijua, yaani machungwa ya Muheza. Darasa la wanafunzi 40 ligawanywe katika vikundi 8 vya watu watano. Kila kikundi kipewe noti za karatasi za Sh. 200,000, daftari moja na jina la biashara. Mwalimu atakuwa soko: yeye ndiye mwenye kadi za bei, kadi za mvua, kadi za gari lililoharibika njiani, na kadi za ushuru. Wiki ya kwanza kila kikundi kitaamua kinunue machungwa mangapi, kiyapeleke wapi, na kiyauze kwa bei gani.

Tuseme kikundi kimoja kimenunua machungwa 2,000 kwa Sh. 50 kila moja. Zimetoka Sh. 100,000. Mwanafunzi aliyezoea hesabu za vitabuni atasema papo hapo kwamba akiyauza kwa Sh. 100 amepata faida ya Sh. 100,000. Mwalimu amwache aseme hivyo, asimkatize. Kisha amdai Sh. 40,000 za gari, na Sh. 20,000 za ushuru na wapakuaji. Kisha afunue kadi inayosema kwamba chungwa moja katika kila kumi limeoza njiani. Sasa mzigo umegharimu Sh. 160,000 na machungwa mazima ni 1,800. Kila chungwa zima, kabla halijauzwa, limekwisha mgharimu karibu Sh. 89. Akiyauza yote kwa Sh. 100 atapata Sh. 180,000, na faida yake ni Sh. 20,000, wala si laki moja aliyokuwa akiiota. Bei ikishuka hadi Sh. 80, kwa sababu malori mengi yamefika sokoni siku hiyo hiyo, atapata Sh. 144,000 na hasara ya Sh. 16,000. Mwanafunzi huyo hatahitaji kuandikiwa ubaoni maana ya gharama. Amekwisha iona kwa macho yake ikiila laki yake.

Mchezo huo huo unaweza kumfunza jambo la pili, gumu kuliko la kwanza, na lililoziua biashara nyingi katika miji yetu. Tuseme bei ilikuwa nzuri, Sh. 100, lakini machungwa 700 kati ya yale 1,800 aliwapa wachuuzi kwa mali kauli, walipe wiki ijayo. Katika daftari faida yake ni ile ile Sh. 20,000. Kikundi kitafurahi, na pengine kitapiga makofi. Lakini fedha iliyoingia mkononi ni Sh. 110,000 tu, na ukijumlisha na Sh. 40,000 zilizosalia katika mtaji, kasha lina Sh. 150,000. Safari ya pili inahitaji Sh. 160,000. Basi mfanyabiashara wetu, mwenye faida katika daftari, hana uwezo wa kurudi Muheza kuchukua mzigo. Wapo watu wazima wenye maduka ambao hawajapata kulielewa jambo hili mpaka siku maduka yao yalipofungwa. Mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kulielewa kwa vipindi viwili.

Hapa inatupasa kukiri udhaifu wetu wenyewe. Sisi tuliokaa chuoni mbele ya maalimu kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa kwamba aya ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Wengi wetu tuliihifadhi kwa ghibu tungali wadogo. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuambiwa washike kalamu, waandike deni moja, jina la mdaiwa, kiasi na siku ya kulipa, na kumwita mwenzao ashuhudie? Tulikwenda shule ya Serikali, na huko nako tukahifadhi maana ya wadai na wadaiwa. Kote kuwili tulikuwa na elimu kifuani, lakini daftari la dukani lilibaki tupu. Si kosa la Msahafu wala si kosa la kitabu cha shule. Ni upungufu wa kutoutia mkono katika jambo lililokwisha ingia kichwani.

Upo mchezo mwingine ambao tungependa kila shule iufanye angalau mara moja, kwa kuwa unamfunza mtu kuwa mfanyabiashara bora na pia unamfunza kuwa raia bora. Ulibuniwa karibu na mwaka 1960 na kundi la Profesa Jay Forrester katika chuo cha MIT huko Marekani. Wao waliufanya kwa bia; sisi sukari yatutosha. Watu wanne huketi kwa safu. Wa kwanza ni mwenye duka la kijijini, wa pili ni muuzaji wa jumla, wa tatu ni msambazaji, na wa nne ni kiwanda. Kila wiki mwenye duka hufunua kadi inayosema wateja wametaka mifuko mingapi, kisha kila mmoja humpelekea jirani yake wa juu agizo la maandishi. Hawaruhusiwi kusemezana. Agizo huchelewa njiani, na mzigo nao huchelewa njiani. Mfuko unaolala ghalani una gharama yake, na mfuko uliokosekana mteja alipoutaka una gharama mara mbili ya huo.

Wiki nne za mwanzo wateja hutaka mifuko 4. Wiki ya tano hutaka mifuko 8, na kutoka hapo hubaki hiyo hiyo 8 mpaka mwisho wa mchezo. Badiliko ni hilo moja tu. Lakini tazama yanayotokea. Mwenye duka, akiona akiba inamwishia na mzigo haujafika, huagiza zaidi ya mahitaji. Wiki inayofuata, kwa hofu, huongeza tena. Muuzaji wa jumla huliona agizo limepanda, naye huongeza lake juu yake. Agizo linapofika kiwandani limekwisha vimba mara nyingi kuliko walichotaka wateja. Kwa wiki kadhaa sukari haipatikani popote. Kisha mizigo yote iliyoagizwa kwa hofu hufika kwa pamoja, maghala yakafurika, na kiwanda hakipati tena agizo hata la mfuko mmoja. Mchezo ukiisha, wachezaji huanza kulaumiana. Mwenye duka humlaumu mwenye jumla, mwenye jumla hukilaumu kiwanda, na wote kwa pamoja huwalaumu wateja wasiotabirika. Wakiambiwa wachore jinsi wanavyodhani wateja walivyokuwa wakinunua, huchora milima na mabonde. Wanapoonyeshwa kadi, na kuona kwamba wateja walibadilika mara moja tu, hunyamaza.

Katika nchi yetu somo hilo lina uzito wake. Wazee wanaikumbuka miaka ya uhaba wa bidhaa na vita dhidi ya wahujumu uchumi vilivyoanza Machi 1983 chini ya hayati Edward Sokoine. Sote tunakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa, jinsi sukari ilivyoadimika na bei ilivyopaa mpaka Serikali ikatangaza bei za ukomo. Hatusemi kwamba walanguzi hawakuwako. Walikuwako, na hawastahili huruma. Tunalosema ni kwamba uhaba unaweza kuanzia kwa mvua, ukakuzwa na mlanguzi, na ukazidishwa na watu wema kabisa: mama anayenunua kilo tano badala ya moja kwa hofu ya kesho, na mwenye duka anayeagiza mara tatu kwa sababu mara ya kwanza hakuletewa. Kijana aliyewahi kukaa katika kiti cha msambazaji, akayaona maghala yakifurika kwa maagizo ya hofu, hatakuwa mwepesi wa kununua kwa hofu, wala hatakuwa mwepesi wa kumwita kila mwenye duka mhujumu.

Wako watakaotukumbusha, na wana haki ya kutukumbusha, kwamba Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, hakuzungumzia maigizo. Alitaka kila shule iwe na shamba lake au karakana yake, izalishe mali ya kweli. Ndivyo alivyosema. Lakini alisema na jambo jingine ambalo wengi walilisahau. Alitaka wanafunzi washirikishwe katika maamuzi, kwa mfano fedha waliyoichuma waitumie kukodi trekta ya kutayarisha shamba, au waitumie kwa jambo jingine na kazi hiyo waifanye kwa nguvu za mikono yao. Huo ndio uamuzi wa kibiashara wenyewe. Katika shule nyingi yaliyotokea ni kinyume chake. Wanafunzi walilima, mavuno yakachukuliwa, hesabu ikakaa katika meza ya mkuu wa shule, na mwanafunzi akarudi nyumbani na jembe begani asijue kama shamba lile lilipata faida au hasara. Alipewa kazi akanyimwa uamuzi, na matokeo yake akaichukia kazi.

Fundisho jingine tulilipata mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, pale maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalipofungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa kumwondolea mwanakijiji unyonyaji. Lakini mengi ya maduka hayo hayakudumu, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba waliokabidhiwa funguo walikuwa waaminifu wengi wao, ila hawakupata kufunzwa kuagiza mali, kupanga bei, wala kutunza daftari. Duka lilikufa mikononi mwa mtu mwema. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu, kimefanya kazi kubwa ya kuziba pengo hilo. Lakini chuo kimoja hakiwezi kumfikia kila katibu wa chama cha msingi na kila mweka hazina wa kikoba. Shule za sekondari ziko karibu kila kata. Zikiifanya kazi hii sawasawa, baada ya miaka kumi kila kijiji kitakuwa na watu wasiopungua ishirini wanaoweza kulisoma daftari na kumwuliza katibu wao maswali yanayostahili.

Hata hivyo hatupendi kuudanganya umma. Mchezo una mipaka yake. Noti ya karatasi haiumi. Mwanafunzi aliyeipoteza halali njaa, na kwa hiyo anaweza kuwa na ujasiri wa bure asioweza kuwa nao sokoni. Pia mchezo ukiendeshwa ovyo huweza kumtukuza mjanja. Kikundi kilichopunguza kipimo, au kilichoficha sukari mpaka bei ikapanda, kitaibuka na noti nyingi, na darasa litakishangilia. Mwalimu akinyamaza hapo, atakuwa amefundisha ulanguzi kwa ruhusa ya Serikali. Kwa hiyo mchezo lazima uwe na kumbukumbu kama soko lilivyo na kumbukumbu. Kikundi kilichompunja mteja wiki ya pili, wiki ya tatu wateja wasikijie. Kikundi kisichowalipa wakulima kwa wakati, msimu unaofuata kikose mzigo. Hayo si mahubiri. Ndivyo Soko la Mgandini linavyokwenda, na muuzaji yeyote aliyedumu pale miaka ishirini atathibitisha.

Kutokana na hayo tuna mapendekezo machache, nayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila igizo lifuatwe na mazungumzo yasiyopungua muda uliotumika kuigiza. Kila kikundi kisimame, kisome daftari lake mbele ya darasa, na kieleze kilikosea wapi. Igizo bila mazungumzo ni burudani.

Pili, mwalimu asiachwe peke yake. Walimu wetu wengi wa somo hili hawajapata kuuza hata fungu la nyanya, na si aibu yao, kwani hawakuajiriwa kwa kazi hiyo. Basi aalikwe mama muuza samaki, aalikwe dalali wa machungwa, aalikwe mkulima wa mboga kutoka Lushoto, waketi nyuma ya darasa na kuhukumu kama bei zilizotajwa ni za kweli au ni za ndotoni. Watu hao ni walimu wasio na vyeti, na heshima watakayoipata kwa kuitwa shuleni nayo ni malipo.

Tatu, daftari la igizo lihesabiwe katika alama za mwanafunzi. Tunajua sote kwamba jambo lisilo na alama halina mwanafunzi. Mtihani ukiendelea kuuliza maana za maneno peke yake, walimu wataendelea kufundisha maana za maneno.

Nne, igizo liwe daraja na lisiwe mwisho wa safari. Darasa lililofaulu kwa noti za karatasi likabidhiwe jambo dogo la kweli, kama vile duka la shule la daftari na kalamu, bustani ya mchicha, au banda la kuku. Hesabu zake zibandikwe ukutani kila Ijumaa, mahali ambapo kila mwanafunzi na kila mzazi ataziona.

Tano, na hili tunawaambia viongozi wa halmashauri zetu bila kuuma maneno: kabla kikundi chochote cha vijana hakijakabidhiwa mkopo wa asilimia 10, kiketi siku mbili na kuiigiza biashara ile ile kinayoiombea fedha. Kama ni bodaboda, kadi ya tairi lililopasuka na kadi ya wiki ya mvua ziwemo. Kama ni kuku, kadi ya mdondo iwemo. Kikundi kitakachofilisika siku ya kwanza kisifukuzwe; kirudie siku ya pili. Ofisa maendeleo ya jamii atajifunza katika siku hizo mbili mambo ya kikundi hicho ambayo hawezi kuyasoma katika andiko la mradi, ambalo mara nyingi huandikwa na mtu mwingine kwa malipo.

Tunarudi kwa wale watoto wa uchochoroni na sukari yao ya mchanga. Wao wamekwisha jua kwamba mwenye kukopa lazima alipe, na kwamba mwenye duka asiyekumbuka aliyemkopesha atabaki na vifuu vitupu. Elimu hiyo wameianza wenyewe, bila mtaala na bila waraka wa wizara. Wajibu wetu ni kuipokea mahali walipoifikisha, tuikuze na tuitie hesabu, ili siku kijana atakaposhika shilingi ya kweli, iwe ya baba yake au ya umma, mkono wake uwe umekwisha zoea uzito wake.